Jani Limeoza, Nimekosea Wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu kuotesha sakulenti nyumbani

Kwa asiyelizoea jina, sakulenti ni mimea inayojiwekea akiba ya maji kwenye majani, shina au mizizi: shubiri, sansevieria, echeveria, waridi la jangwani, dungusi kakati na jamaa zao. Inasifiwa kuwa haifi ovyo, na sifa hiyo ni ya haki kwa mmea uliokwisha kushika ardhi. Kipande kilichokatwa leo ni habari nyingine. Barua nyingi za safari hii zinalia kilio kimoja, cha kuoza, kwa hiyo tumeanza nacho.

Shikamooni. Nilichuma majani 20 ya echeveria, nikayachomeka kwenye udongo wenye mbolea, nikafunika kwa mfuko wa plastiki na kunyunyizia maji kila asubuhi. Wiki haijaisha, 17 yameoza. Nimekosea wapi?
*Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Umeyatunza majani hayo kama miche ya mchicha, na matunzo hayo ndiyo yaliyoyaua. Jani la echeveria lina maji na chakula cha kumlea mche mchanga kwa wiki kadhaa bila kuongezewa chochote. Lisicho nacho ni ngozi pale lilipobanduka. Hapo pana kidonda kibichi. Ukikizika kwenye unyevu, ukungu na bakteria huingia kabla hakijafunga. Mfuko wa plastiki nao ulizuia upepo ambao ungekikausha.

Anzia kwenye kuchuma. Usichume siku uliyomwagilia, maana jani lililovimba maji hukatika katikati. Chagua majani ya chini yaliyokomaa lakini bado yamejaa. Lishike jani karibu kabisa na shina, kwa kidole gumba na cha shahada, ulisukume taratibu kushoto, kisha kulia, mpaka liachie lenyewe. Ligeuze utazame kitako chake. Jani lililotoka sawasawa lina kitako kizima, kilichojipinda kama mwezi mwandamo, rangi ya kijani kilichopauka, bila nyuzi zilizochanika. Ukiona shimo, au kitako kimebaki shinani, usijisumbue nalo: mche mpya huchipukia hapo hapo kwenye kitako. Jani la namna hiyo huweza kuishi miezi likiwa limetoa mizizi mirefu, lisizae kitu.

Majani yaliyo mazima yapange kwenye trei ya mayai ya karatasi, kila moja kwenye tundu lake, kitako juu. Weka trei kivulini penye mwanga na upepo kwa siku 3 hadi 5. Dar wakati wa masika ngoja wiki nzima. Kidonda kikifunga utaona utando mkavu, na ukiugusa kwa ncha ya kidole haunati.

Hapo yahamishie kwenye beseni pana lililotobolewa chini, lenye mchanganyiko mkavu wa mchanga na mboji wa kina cha sentimita 3 hivi. Yalaze juu ya udongo. Usiyachomeke, wala usimwagilie. Baada ya wiki 2 hadi 4 vinyuzi vyeupe au vya waridi hutokeza kwenye kitako. Ukiviona, vifunike kwa udongo kidogo, kisha nyunyiza maji pembeni ya vinyuzi hivyo, kijiko kimoja cha chakula kwa kila jani, mara moja kila siku 4 au 5. Mche mdogo huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 8. Jani mama litasinyaa na kukunjamana, na watu wengi huliondoa hapo kwa kudhani limekufa. Liache, bado linanyonyesha. Likikauka kabisa litabanduka lenyewe ukiligusa.

Jifunze kutofautisha kusinyaa na kuoza. Jani linalosinyaa hukunjamana likabaki na rangi yake. Linalooza huwa la kung'aa, unaona mpaka ndani kama kitunguu kilichochemshwa, au huanza weusi kwenye kitako unaopanda juu. Likianza hivyo litupe siku hiyo hiyo lisiwaambukize wenzake.

Neno la mwisho kwa watu wa Dar: aina nyingi za echeveria ni za nyanda za juu za Mexico, ambako usiku huwa wa ubaridi. Iringa, Arusha na Nairobi zinastawi bila shida. Tabata mwezi wa Februari zitahitaji baraza yenye upepo na kivuli kuanzia saa 5 asubuhi. Graptopetalum, ambayo ni jamaa yake mwenye majani ya kijivu, ina moyo mgumu zaidi na majani yake huota kirahisi mno. Jaribu hiyo kwanza.

Assalaam aleikum. Jirani amekata jani la sansevieria vipande vipande na vyote vimeota. Mimi nikafanya hivyo hivyo kwa jani la shubiri, vikageuka uji. Udongo wangu ni nusu samadi, nusu mchanga wa pwani. Je, ni udongo au ni jani?
*Msomaji wa Jambiani, Unguja*

Waaleikum salaam. Ni jani, na udongo nao ungekuangusha hata kama jani lingekuwa sahihi.

Jani la shubiri haliwezi kuzaa mmea. Halina uwezo wa kutengeneza chipukizi jipya kwenye kidonda, hata ukilikausha mwezi. Wanaokuonyesha picha za jani la shubiri lililoota ama wamekata pamoja na kipande cha shina ama wanakudanganya. Shubiri huongezwa kwa watoto wanaochipuka kandoni mwa mama, kama mgomba.

Subiri mtoto afike urefu wa sentimita 10 hivi na awe na majani 4 au zaidi. Mdogo kuliko hapo hufa kwa urahisi. Toa mmea mzima kwenye chungu, kung'uta udongo, ufuate mtoto mpaka anapoungana na mama. Kata hapo kwa kisu kikali kilichopanguswa spiriti, ukimwachia mizizi yake mwenyewe ikiwa anayo. Mwenye mizizi mlaze kivulini siku 2, asiye nayo siku 5 hadi 7. Mpande kwenye chungu chenye upana wa sentimita 10 hadi 12. Chungu kikubwa ni kishawishi kibaya, kwa sababu udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji siku nyingi. Maji ya kwanza mpe baada ya wiki moja, umwagilie mpaka yatoke chini, kisha usiguse tena mpaka udongo ukauke hadi katikati ya chungu. Choma kijiti: kikitoka kisafi na kikavu, mwagilia.

Sasa udongo. Mchanga wa pwani una chumvi, na huko kwenu una chokaa nyingi ya matumbawe, tena punje zake ni laini hivyo hushikana. Samadi isiyoiva nayo huchoma mizizi michanga. Changanya hivi kwa kopo lolote: mchanga mkubwa wa mtoni makopo 2, matofali ya kuchoma yaliyopondwa au chenga za mkaa za ukubwa wa punje ya mahindi kopo 1, mboji iliyoiva na kuchekechwa kopo 1. Mchanga uoshe kwanza mpaka maji yatoke bila tope, maana vumbi lake ndilo linaloziba njia za hewa.

Kupima, lowesha konzi moja ya mchanganyiko huo, uikandamize, kisha ufungue kiganja. Ikibaki donge, ongeza mchanga na matofali. Ikimomonyoka yenyewe, uko sawa.

Sansevieria yangu ina mistari ya njano pembezoni. Nimeotesha vipande vya majani yake, vimechukua miezi minne, na miche yote imetoka kijani tupu. Nimeuziwa mmea wa uongo?
*Msomaji wa Ruiru, Kenya*

Hapana, hujadanganywa. Mmea huo una chembe za aina mbili zilizopangwa kwa tabaka, zenye kijani na zisizo nacho. Chipukizi linalozaliwa kwenye kipande cha jani huanzia kwenye chembe za kijani peke yake, kwa hiyo mstari wa njano hupotea na haurudi. Ukitaka watoto wenye mistari, gawa mmea chini ya udongo. Utakuta shina nene linalotambaa kama tangawizi. Likate kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na majani yasiyopungua 2 na mizizi kidogo, ukikaushe siku 2 kabla ya kupanda.

Kwa aina za kijani, vipande vya majani vinafaa sana. Kata urefu wa sentimita 6 hadi 8 na uweke alama upande uliokuwa chini, kwa mfano kwa kuukata pembe kama herufi V. Kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti, na ukishavichanganya mezani hutajua kipi ni kipi. Kausha siku 3 hadi 5, chomeka sentimita 2 tu. Mizizi huja baada ya wiki 4 hadi 8, chipukizi miezi 2 hadi 4, na ukiotesha wakati wa baridi ya Juni na Julai ongeza mwezi mwingine. Kwa hiyo miezi yako minne si ucheleweshaji.

Maadam tupo kwenye sansevieria: Bonde la Olduvai kule Ngorongoro lilipata jina lake kutokana na neno la Kimaasai, oldupai, ambalo ni jina la sansevieria ya porini inayoota humo. Ukipita huko utaiona imesimama juani bila wa kuimwagilia.

Nimeotesha waridi la jangwani kwa tawi. Lina mwaka wa pili na linatoa maua, ila halina lile tumbo nene chini. Nilishe mbolea gani?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Hakuna mbolea ya kulifanya tumbo. Uvimbe ule wa chini hujengeka vizuri kwenye mmea uliotoka kwenye mbegu. Tawi huweza kunenepa mizizi kadiri miaka inavyokwenda, lakini mara chache hupata umbo lile la chupa. Faida ya tawi ni kwamba maua yake ni yale yale ya mama, na kwa kuwa lako limeshachanua, lithamini kwa hilo.

Ukitaka tumbo, panda mbegu. Waridi la jangwani hutoa maganda mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakianza kubadilika rangi, yafunge kwa uzi au uyavishe kipande cha neti, la sivyo yatapasuka na mbegu zitapeperuka, kwani kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili. Mbegu mpya ndizo zinazoota vizuri. Zilizokaa mwaka dukani hukatisha tamaa. Ziloweke saa chache, zilaze ubavu, uzifunike kwa nusu sentimita ya mchanga. Kwa joto la Mombasa utaona miche ndani ya wiki moja. Hapa, kinyume na majani ya echeveria, udongo lazima uwe na unyevu muda wote mpaka miche iwe na majani 4 hadi 6. Baada ya hapo anza kuacha ukauke juu kati ya mwagilio na mwagilio.

Kila unapohamishia chungu kipya, mara moja kwa mwaka hivi, inua mmea sentimita 2 juu ya pale ulipokuwa, ili sehemu ya mizizi minene ibaki wazi.

Vaa glavu unapokata. Utomvu wake ni sumu kali na ulitumika kupaka mishale ya kuwindia. Usiukate watoto wakiwa karibu, na vipande vilivyobaki usivitupe mahali mbuzi wanapopita.

Mtandaoni wanasema kidonda kipakwe asali, wengine mdalasini, wengine dawa ya unga ya kuotesha mizizi. Nitumie ipi?
*Msomaji wa Nyegezi, Mwanza*

Upepo. Mdalasini wa unga hukausha kidonda kidogo na haudhuru, lakini siku 4 za kivulini hufanya kazi ile ile bure. Dawa ya kuotesha mizizi ina msaada kwa matawi magumu kama ya bougainvillea. Sakulenti nyingi hazina haja nayo. Asali iache mezani. Itakuletea sisimizi, na sisimizi huwalinda wale wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani, kwa sababu huramba utamu wanaoutoa. Ukiwaona wadudu hao, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse mmoja mmoja, na urudie kila wiki mpaka wiki 3 zipite bila kumwona hata mmoja.

Habari za huko. Nilinunua sempervivum hapa Hamburg, nikaziingiza ndani wakati wa baridi ili zisife. Zilirefuka shingo, zikapauka, zikafa. Rafiki amenipa nyingine. Nizioteshe vipi? Na je, nikienda Tanga Desemba naweza kurudi na vipande vya shubiri vya mama?
*Msomaji wa Hamburg, Ujerumani*

Njema. Uliziua kwa huruma. Sempervivum ni mimea ya milima ya Ulaya. Aina za kawaida huvumilia baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri bila kufunikwa. Zinataka usingizi wa baridi. Ndani ya nyumba zilikutana na joto la hita na mwanga hafifu wa dirisha, zikajinyoosha kutafuta jua mpaka zikaishiwa.

Ziache nje mwaka mzima, penye jua. Kinachoziua nje si theluji, ni maji yaliyosimama kwenye mizizi wakati wa baridi. Kwa hiyo ondoa sahani ya chini ya chungu kuanzia Oktoba, inua chungu juu ya vipande viwili vya mbao, na udongo uwe nusu changarawe. Chungu cha udongo wa kuchoma kisichostahimili barafu kitapasuka, tumia cha mbao au plastiki nene.

Kuzaa zinazaa zenyewe. Kila mmea hutoa kamba nyembamba kama kitovu, na mwishoni mwa kamba kuna mtoto. Usimkate akiwa wa ukubwa wa punje ya njegere. Subiri awe na upana wa sarafu ya euro 2 na kamba ianze kunyauka, kisha mchomoe, mkandamize juu ya udongo, mwekee kokoto ubavuni asitikisike. Mara nyingi utakuta ameshatoa mizizi. Fanya hivyo kuanzia Aprili, na mwisho wa Agosti uache, ili mizizi ishike kabla barafu haijaanza kuusukuma udongo juu. Majani yake usihangaike nayo, ni nadra kuota.

Siku moja utaona mmoja umerefuka katikati na kutoa shina la maua. Huo unamaliza maisha yake. Kila sempervivum huchanua mara moja kisha hufa, na watoto hubaki. Ndiyo maana wazee wa Ulaya waliweza kuziacha juu ya mapaa ya nyumba vizazi na vizazi wakiamini zinazuia radi. Amri za mashamba za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki huko Ulaya, za takriban mwaka 800, zinamtaka mtunza bustani awe na mmea huu juu ya nyumba yake.

Kuhusu shubiri ya mama: tangu Desemba 14, 2019, Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea unaoingia, hata kipande kimoja mkobani. Cheti hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi unakotoka, baada ya mmea kukaguliwa. Tena spishi zote za shubiri, isipokuwa ile ya kawaida ya dawa, Aloe vera, zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na huhitaji kibali cha ziada. Bila karatasi hizo vitachukuliwa forodhani. Shubiri ya dawa inauzwa Hamburg. Kwa mama peleka mikono mitupu urudi na karafuu.

Nataka kuzungushia boma langu dungusi kakati, ng'ombe wa watu wasiingie. Nianze na vipande vya ukubwa gani?
*Mzee wa Nanyuki, Kenya*

Shikamoo mzee. Tunakuomba usianze kabisa. Hapo Laikipia aina moja, Opuntia stricta, imeshateka malisho mengi. Ndovu na nyani hula matunda yake na kusambaza mbegu, kila kipande kinachoanguka chini hutoa mizizi, na vijiba vyake huchoma midomo na matumbo ya mifugo. Ua wako wa leo utakuwa kesi na majirani kesho kutwa.

Minyaa inafaa zaidi. Kata matawi ya sentimita 40 hadi 50 kutoka kwenye mti uliokomaa, wiki moja kabla ya mvua. Utomvu mweupe utatiririka. Chovya ncha iliyokatwa kwenye ndoo ya maji mpaka ukome, kisha lundika matawi kivulini siku 5 hadi 7. Yapande kwa kuyafukia sentimita 10, umbali wa sentimita 30 kati ya tawi na tawi, na usimwagilie, mvua itakuja. Yatakayolegea na kuwa meusi chini yang'oe, uweke mengine. Acha akiba ya matawi kumi na kitu kwa kazi hiyo.

Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni huunguza na unaweza kupofusha kwa muda au moja kwa moja. Vaa miwani na mikono mirefu, kata ukiwa umeupa upepo mgongo, usijipanguse uso. Ukiingia jichoni, safisha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Panga lililonata utomvu lipanguse kwanza kwa tambara lenye mafuta ya kupikia, ndipo ulioshe kwa sabuni, na tambara hilo ulichome.